Vero Beach, Hilton Head na Aulani: taimshea za Disney zinapokuwa mbali na bustani zake

Mwenye pointi 150 za Vero Beach na mwenye pointi 150 za Saratoga Springs wana mkataba wa klabu moja, Disney Vacation Club, klabu ya taimshea inayouza pointi za kulalia hotelini; wanawekea nafasi kwenye tovuti moja, na kila mmoja anaweza kwenda kulala kwa mwenzake. Tofauti yao huonekana Januari, ankara ya mwaka inapofika. Wa Saratoga Springs, hoteli iliyo ndani ya Walt Disney World, eneo la bustani za Disney karibu na Orlando, Florida, hulipa zaidi ya dola 8 kwa kila pointi. Wa Vero Beach, iliyo ufukweni, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka huko, hulipa zaidi ya dola 12. Kwa pointi 150 hizo ni dola 1,200 na zaidi kwa mmoja na dola 1,800 na zaidi kwa mwingine, kila mwaka, awe amesafiri au hakusafiri.

Pengo hilo ndilo linalostahili kuchunguzwa kabla ya kuuliza kama kampuni za bustani za burudani zipeleke taimshea zao pwani, milimani na visiwani. Tathmini hii inaangalia hoteli tatu ambazo Disney ilizijenga mbali na bustani zake, yaani Vero Beach (Florida), Hilton Head (South Carolina) na Aulani (Hawaii), zilivyo kwa mgeni na zilivyo kwa mwenye pointi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wauzaji hupenda kuyachanganya.

Kwanza, mfumo wenyewe. Taimshea ni nyumba ya likizo inayomilikiwa kwa zamu. Disney Vacation Club, iliyoanza 1991 na hoteli ambayo leo inaitwa Old Key West, haikuuzii wiki maalumu ya mwaka. Inakuuzia pointi zinazorudi upya kila mwaka hadi mkataba uishe. Hoteli uliyonunulia ndiyo nyumbani kwako: unaweza kuweka nafasi hapo miezi 11 kabla ya safari. Kwenye hoteli nyingine za klabu unasubiri hadi miezi 7. Pointi usizozitumia unaweza kuzihamishia mwaka unaofuata, mradi ufanye hivyo ndani ya miezi 8 ya mwanzo ya mwaka wako wa matumizi (mwaka wa pointi, unaoanza mwezi uliotajwa kwenye mkataba wako), na unaweza kukopa za mwaka ujao. Mkataba wa Vero Beach na wa Hilton Head unaisha 31 Januari 2042. Wa Aulani unaisha 2062. Siku hiyo ikifika, nyumba inarudi mikononi mwa kampuni na wewe huna chako tena. Aliyezoea hati za miaka 33, 66 au 99 za Tanzania ataelewa upesi kwamba hapa unanunua muda. Tofauti ni kwamba hapa huna haki ya kuhuisha.

Vero Beach ilifunguliwa Oktoba 1995. Kama mahali pa kulala, ni pazuri na petulivu. Iko juu ya ufuo wenyewe, kasa wa baharini hutaga mayai mbele ya hoteli katika miezi ya joto, na nyakati hizo taa za upande wa bahari hupunguzwa ili vitoto vya kasa visipotee njia. Chumba kidogo cha studio kina friji ndogo na maikrowevu. Ukichukua nyumba ya chumba kimoja unapata jiko kamili, mashine ya kufulia na ya kukaushia, jambo linalopunguza sana gharama za familia yenye watoto wadogo. Mgeni aliyelipia kwa pointi asitarajie kusafishiwa chumba kila siku. Utaratibu wa klabu ni kutolewa taka na kubadilishiwa taulo katikati ya safari, na usafi kamili hufanyika kwa wanaokaa muda mrefu zaidi. Usafi wa ziada unalipiwa.

Hilton Head, jimbo la South Carolina, ilifunguliwa Machi 1996. Imejengwa kwa mtindo wa kambi ya zamani ya wawindaji na wavuvi, imezungukwa na vinamasi vya maji ya chumvi na miti mikubwa iliyoangikwa ndevu za mimea. Mandhari yake ni ya aina yake. Lakini mtu anayesikia "kisiwa" na kufikiria kuamka na kukanyaga mchanga atashangaa: hoteli haiko ufukweni. Nyumba ya ufukweni ya wageni, yenye bwawa na mahali pa kula, iko zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka vyumbani, na kwenda huko unapanda basi dogo la hoteli, baiskeli au gari lako. Kwa wiki nzima yenye watoto, ndoo, taulo na maboya ya kuogelea, hilo huchosha. Januari na Februari kuna baridi na hakuna anayeogelea baharini. Pointi zinazohitajika miezi hiyo ni chache sana, na vyumba vingi hubaki wazi.

Hapa ndipo hesabu ya ada inapoanza kueleweka. Ada ya mwaka ina sehemu tatu: uendeshaji, akiba ya ukarabati mkubwa, na kodi ya mali. Hakuna hata moja inayopungua kwa sababu vyumba vimebaki wazi. Paa la Hilton Head huvuja kwa kasi ileile lenye wageni au lisilo na wageni. Ndani ya Walt Disney World, mabasi, karakana, dobi, ghala na wasimamizi hutumikia hoteli nyingi kwa pamoja, na gharama hugawanywa. Hoteli iliyo peke yake ufukweni inahitaji meneja wake, fundi wake wa mabwawa, jikoni yake na walinzi wake, halafu gharama yote hugawiwa pointi chache. Hoteli ndogo ni nzuri kwa macho, lakini kwenye hesabu mwenye pointi ndiye anayeibeba.

Juu ya hayo kuna bahari. Septemba 2004 vimbunga viwili, Frances na Jeanne, vilitua pwani ya Florida kusini kidogo mwa Vero Beach ndani ya mwezi mmoja. Oktoba 2016 kimbunga Matthew kilikipiga kisiwa cha Hilton Head. Novemba 2022 kimbunga Nicole kilitua tena karibu na Vero Beach. Kila tukio la namna hiyo huacha bili mbili. Ya kwanza ni ya matengenezo. Ya pili ni ya bima, ambayo hupanda na kubaki juu miaka mingi baada ya vioo kurudishwa. Hewa ya chumvi nayo hula vyuma vya roshani, vitasa, viyoyozi na rangi mwaka mzima, bila kusubiri kimbunga. Anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja karibu na maji analijua hili bila kufundishwa.

Kwa sababu ada ni kubwa, bei ya mitumba ni ndogo. Pointi za Vero Beach na Hilton Head zinazouzwa na wanachama wenyewe ni miongoni mwa za bei ya chini kuliko zote katika klabu, na kuna wanaozinunua kwa makusudi wazitumie Orlando kwenye dirisha la miezi 7. Tuchukue bei za mfano: dola 50 kwa pointi ya Vero Beach, dola 95 kwa ya Saratoga Springs. Kwa pointi 150 umeokoa dola 6,750 siku ya kununua. Ada ikitofautiana kwa dola 4 kwa pointi, unalipa dola 600 zaidi kila mwaka, na nafuu yako yote imeliwa katika mwaka wa kumi na mbili. Hapo bado hujagusa ongezeko la ada. Asilimia 4 ya dola 12 ni senti 48, asilimia 4 ya dola 8 ni senti 32, kwa hiyo hata ada zikipanda kwa kiwango kilekile, pengo linazidi kutanuka. Tena Saratoga Springs inaendelea hadi 2054, miaka 12 baada ya Vero Beach kwisha. Anayeuziwa Vero Beach kwa maneno ya "rahisi" aulize rahisi kwa muda gani.

Kuna kosa jingine kwenye mbinu hiyo ambalo hujitokeza mapema zaidi. Mwenye pointi za mbali anayetaka Orlando daima yuko nyuma ya foleni. Nafasi za sikukuu za Desemba, wiki ya mbio za marathoni za Walt Disney World mwezi Januari, na vyumba vya bei nafuu huisha kwa wenye dirisha la miezi 11 kabla yeye hajaruhusiwa kubofya. Anabaki kuchukua kilichobaki, au anapoteza. Akighairi zikiwa zimebaki siku 30 au chini ya hapo kabla ya kuingia, pointi huwekwa kwenye akaunti ya zuio na haziwezi kuwekea nafasi isipokuwa ya siku 60 zijazo au chini ya hapo, jambo ambalo kwa mtu anayehitaji tiketi ya ndege ni karibu sawa na kuzitupa.

Aulani ni habari tofauti, na inastahili muda zaidi.

Iko Ko Olina, upande wa magharibi wa kisiwa cha Oahu, Hawaii, chini ya kilomita 30 kutoka uwanja wa ndege wa Honolulu. Ilifunguliwa 29 Agosti 2011 ikiwa na vyumba zaidi ya 800, sehemu vikiwa vya hoteli ya kawaida inayolipiwa fedha taslimu na sehemu vya klabu. Hakuna bustani ya burudani ya Disney karibu. Iliyo karibu zaidi iko ng'ambo ya bahari. Msanifu aliyeongoza kazi hiyo ni Joe Rohde, yuleyule aliyeongoza uundaji wa Disney's Animal Kingdom, bustani ya wanyama ya Walt Disney World, na kazi ya wasanii wa Hawaii imejaa kuanzia ukumbi wa mapokezi hadi vyumbani. Baa ya 'Ōlelo imeandikwa majina ya vitu kwa Kihawaii, na wahudumu wake wanaizungumza lugha hiyo. Kwa msomaji wa lugha inayojali kusikika, hilo si jambo dogo.

Kwa mgeni, Aulani ni bora kuliko ndugu zake wawili kwa mbali. Bonde la mabwawa lina mto wa kuelea, mitelezo, na dimbwi la kupiga mbizi kati ya samaki kwa kioo cha macho. Mbele yake kuna ghuba iliyotengenezwa kwa mikono, maji yake matulivu kiasi cha mtoto wa miaka minne kuchezea ukingoni. Klabu ya watoto, Aunty's Beach House, imejumuishwa kwenye malazi, na wazazi wanapata saa kadhaa za kupumua. Mwanachama anayelala kwa pointi haegeshi gari kwa kulipia, wakati mgeni wa fedha taslimu hulipa kila usiku. Chakula cha hotelini ni ghali. Suluhisho ni kupita Kapolei siku ya kwanza, dakika kumi hivi kwa gari, ambako kuna maduka makubwa ya Costco na Target, na kununua mkate, matunda, maziwa, mchele na maji ya wiki nzima. Mwenye studio atapasha tu moto. Mwenye chumba kimoja atapika.

Usingizi nao upangwe. Kutoka Florida, saa za Hawaii ziko nyuma kwa saa 5 wakati wa baridi na 6 wakati wa joto. Siku mbili za kwanza watoto huamka usiku wa manane. Safari ya usiku tatu, ambayo inatosha kabisa Vero Beach, hapa ni hasara. Chini ya usiku sita nauli hailipi. Na kwa kuwa safari ni ndefu, pointi zinazohitajika ni nyingi. Studio yenye mandhari ya kawaida huchukua takriban pointi 20 kwa usiku katika majira ya katikati, kwa hiyo usiku saba ni 140. Mandhari ya bahari hupandisha hesabu hiyo kwa theluthi au zaidi. Vyumba vya bei ya chini kabisa, vile vya aina ya hoteli na studio za kawaida, ni vichache, na wenye Aulani kama nyumbani huvichukua kwenye dirisha la miezi 11. Anayefika miezi 7 kabla huona zaidi mandhari za bei ya juu.

Juu ya ada kuna kodi. Jimbo la Hawaii hutoza kodi ya malazi hata kwa mwenye taimshea anayelala kwenye nyumba yake, na msingi wa hesabu ni nusu ya gharama za matunzo za siku hizo. Inalipwa hotelini, nje ya ankara ya Januari. Anaheim, California, ina jambo linalofanana na hilo: anayelala kwa pointi kwenye nyumba za Disneyland Hotel zilizofunguliwa 2023 hulipa kodi ya jiji kwa kila ukaaji. Mauzo ya mdomo mara nyingi hayafiki kwenye mistari hiyo. Imo kwenye nyaraka, na isomwe.

Kosa kubwa la Aulani lilitokea kabla haijapokea mgeni. Mauzo yalianza 2010. Julai 2011, wiki chache kabla ya kufunguliwa, kampuni ilisimamisha mauzo kwa sababu ada ya mwaka iliyotangazwa ilikuwa ndogo kuliko gharama halisi za kuendesha hoteli ile. Viongozi wa klabu waliondolewa kazini. Walionunua mapema waliachiwa ada ya chini na kampuni ikawa inafidia tofauti; walionunua baadaye walipewa ada iliyo sahihi, yaani kubwa zaidi. Matokeo yake, hadi leo kuna pointi za Aulani za aina mbili sokoni, zenye fidia na zisizo na fidia, na fidia husafiri na mkataba ukiuzwa. Anayenunua Aulani ya mitumba aulize swali hilo kabla ya kuuliza bei. Mikataba miwili ya pointi 160 inaweza kuonekana sawa kwenye tangazo na kutofautiana kwa mamia ya dola kila mwaka.

Somo la 2011 lina uzito kuliko aibu yake. Kampuni yenye uzoefu wa miaka 20 katika taimshea, yenye wahasibu wake na takwimu zake, ilishindwa kukadiria umeme, maji, mishahara na bima za kisiwa kilicho katikati ya Pasifiki. Makadirio yake ya Florida hayakusafiri vizuri. Novemba mwaka huohuo iliachana na mpango wake wa National Harbor, Maryland, kando ya mto Potomac karibu na Washington, ambako ilinunua ardhi 2009 kwa ajili ya hoteli ya vyumba 500. Na Aulani yenyewe, zaidi ya miaka 10 baada ya kuanza kuuzwa, bado ilikuwa na pointi ambazo kampuni haijazimaliza, wakati hoteli zilizofunguliwa baadaye ndani ya Walt Disney World ziliuzwa zikaisha. Wageni wanaipenda Aulani, na bado wanunuzi wamekuwa wazito kujifunga nayo hadi 2062. Nani anataka kuahidi kwenda Hawaii kila mwaka kwa miaka zaidi ya 35?

Sasa linganisha na njia nyingine ambayo kampuni hiyohiyo ilishaipata. Badala ya kujenga nyumba ya likizo Afrika Mashariki, ilijenga savana Florida. Animal Kingdom Lodge ilifunguliwa 2001, na nyumba za klabu zikaongezwa Jambo House 2007 na Kidani Village 2009. Majina ni ya kwetu: migahawa inaitwa Boma, Jiko na Sanaa, mabwawa yanaitwa Uzima na Samawati, na twiga na pundamilia hupita chini ya roshani. Mswahili anayefika hapo atakuwa na maoni yake kuhusu Afrika iliyopangwa kwa ajili ya mgeni wa Orlando, na ana haki nayo. Lakini kama taimshea, hesabu yake imekaa sawa: wanyama wana gharama, ndiyo, ila hoteli iko dakika chache kutoka bustani, hujaa misimu yote, na vyumba vyake vichache vya bei ya chini huko Jambo House hugombewa asubuhi ileile dirisha la miezi 11 linapofunguka. Vivyo hivyo Polynesian Village, yenye minazi na mapambo ya Bahari ya Kusini, ipo Florida tangu 1971, na nyumba zake za klabu tangu 2015. Mtu anayependa hisia za kisiwani anazipata hapo, kisha anapanda treni ya reli moja kwenda bustani ya Magic Kingdom, na pointi zake zina soko siku akitaka kuziuza.

Kwa mtazamo wetu, taimshea ya kampuni ya bustani za burudani inauzika kwa sababu bustani inamrudisha mteja. Mtoto wa miaka mitano anataka kurudi akiwa na saba, na mjukuu naye atataka. Ufuo mzuri hauna nguvu hiyo juu ya mteja, kwa kuwa dunia ina fuo nyingi nzuri na mwaka ujao atataka kuuona mwingine. Universal, kampuni shindani ya bustani huko Orlando, ilishirikiana na kampuni ya hoteli ya Loews ikauza vyumba kwa usiku, bila taimshea kabisa, na anayetaka kwenda mbali haombwi mkataba wa nusu karne. Hata Disney yenyewe ina njia bora ya kuwapeleka watu mbali: meli. Meli huenda Alaska wakati wa joto na Karibi wakati wa baridi. Hilton Head haiwezi kuhamishwa Februari.

Kuna mambo mawili ndani ya mfumo ambayo huufanya upanuzi wa mbali uwe hatari zaidi leo kuliko ulivyokuwa 1995.

La kwanza ni jinsi ubadilishanaji unavyofanya kazi. Unaposema "natumia pointi zangu za Vero Beach Orlando", kinachotokea ni kwamba Buena Vista Trading Company, kampuni tanzu ya Disney, inachukua chumba chako cha Vero Beach na kukupa cha mtu mwingine. Mizani hiyo inasimama tu kama kuna wa Orlando wanaotaka Vero Beach. Chumba kisichochukuliwa hadi siku 60 kabla kinaweza kukodishwa kwa fedha taslimu. Mapato hayo hurudi kwa wamiliki, lakini hadi kikomo cha asilimia 2.5 ya bajeti ya uendeshaji. Yanayozidi ni ya kampuni. Kwa hiyo hoteli ya mbali yenye wageni wengi wa fedha taslimu inaweza kuwa nzuri kwa kampuni huku ada ya wamiliki ikibaki juu.

La pili ni sheria ya klabu ya 19 Januari 2019. Pointi za mitumba za hoteli 14 za awali, zikiwemo Vero Beach, Hilton Head na Aulani, zinaweza kutumika kwenye hizo 14 zote. Lakini hoteli zilizokuja baada ya hapo, kuanzia Riviera iliyofunguliwa 2019, zina sharti gumu: anayenunua pointi zake kwa mtu binafsi atazitumia kwenye hoteli hiyo moja tu. Riviera iko Orlando, na kufungwa Orlando kunavumilika. Fikiria sharti hilo kwenye hoteli mpya ya klabu milimani Colorado au katikati ya New York. Mnunuzi wa kwanza, aliyenunua kwa kampuni kwa zaidi ya dola 200 kwa pointi, bado anaweza kuzunguka. Akizeeka, akiugua, akiachana na mwenza au akipoteza kazi, anachouza ni haki ya kwenda mahali pamoja palipo mbali, yenye ada kubwa. Watu wa kuinunua watakuwa wachache sana. Vero Beach ina bei ya chini sokoni hata sasa ambapo mlango wa Orlando uko wazi. Ukiufunga mlango huo, sioni bei itasimama wapi.

Kwa hiyo jibu letu kwa sheria zilivyo sasa ni hapana: kampuni isipanue taimshea kwenda mbali, na mteja asiwe wa kwanza kununua ikifanya hivyo. Msimamo huo ungebadilika kwa masharti ambayo yako ndani ya uwezo wa kampuni. Hoteli iwe kubwa kiasi cha Aulani na nusu yake iendeshwe kama hoteli ya kawaida, ili gharama za kudumu zigawanywe. Ijengwe mahali ambapo watu huenda miezi yote 12 hata jina la Disney lisipokuwapo. Mnunuzi wa mitumba aruhusiwe kutoka. Na ada ya miaka mitano ya mwanzo ihakikishwe kwa maandishi, kampuni ikibeba kosa la makadirio yake kwa wanunuzi wote, siyo kwa waliowahi tu.

Kwa anayetaka tu kulala Aulani au Vero Beach, kuna njia isiyo na mkataba wa miaka: kukodi pointi za mwanachama. Bei ya soko huzunguka takriban dola 20 kwa pointi, kwa hiyo usiku saba wa studio ya Aulani kwa pointi 140 ni kama dola 2,800, kodi ya Hawaii ikiongezwa. Ukinunua pointi 150 kwa kampuni unatoa zaidi ya dola 30,000, na bado ada ya kila mwaka ni dola 9 na zaidi kwa pointi. Kukodi kuna hatari zake. Nafasi inakuwa kwa jina lako lakini iko kwenye akaunti ya mwanachama, yeye ndiye mwenye uwezo wa kuibadilisha au kuifuta, na mara nyingi fedha hairudi ukighairi. Tumia wakala anayeshikilia malipo hadi uingie chumbani, na hakikisha namba ya uthibitisho inaonekana kwenye akaunti yako ya Disney kabla ya kukata tiketi ya ndege. Anza kutafuta miezi 11 kabla, kwa mwanachama ambaye Aulani ndiyo nyumbani kwake. Mwenye pointi za Orlando hawezi kukusaidia mapema hivyo.

Anayenunua mitumba ajue kwamba Disney ina haki ya kwanza ya kununua: mkataba mkishauandika, kampuni inapewa siku 30 kuamua kama itauchukua kwa bei ileile, na hadi ijibu hakuna kinachosonga. Kagua mwezi wa mwaka wa matumizi, pointi za mwaka huu kama zimeshatumika au kukopwa, na nani analipa ada ya mwaka unaoendelea. Pointi zilizokwishakopwa ni kama kununua gari lisilo na mafuta huku tangazo likisema tangi limejaa.

Na aliyekwisha kusaini kwa kampuni huko Florida, akarudi hotelini usiku na kuanza kupiga hesabu hizi: sheria ya jimbo hilo inampa siku 10 za kalenda kughairi bila adhabu, zikihesabiwa kutoka siku ya kusaini au siku ya kupokea nyaraka za mwisho, ipi ni ya baadaye. Barua iandikwe, itaje namba ya mkataba, itumwe kwa anwani iliyo ndani ya mkataba wenyewe, na risiti ya posta ihifadhiwe. Simu kwa muuzaji peke yake haitoshi.